Ahadi ni deni: historia ya namna bima inavyolipa, na namna inavyokataa



Kila mara tunapokutana juu ya sanduku letu la msaada, ukifika wakati wa maswali kuna mambo matatu yasiyokosa. Mtu anasimama na kusema: mimi nimetoa mchango kila mwezi, sikuruka hata mmoja; sasa shida imenifikia, mbona ninaambiwa ningojee? Mwingine anajibu kutoka nyuma: tukilipa kila anayelia, kesho sanduku litakuwa tupu. Na wafadhili nao wanaandika kutoka mbali: mnajuaje kwamba huyu mliyemlipa alipata hasara kweli?

Maswali haya yote matatu ni ya haki. Lakini si sisi wa kwanza kuyauliza. Watu wa bima, ama asiransi kama tunavyozoea kusema huku kwetu, wanayagombania tangu zaidi ya miaka 300. Wameenda mahakamani juu yake, wamefilisika juu yake, na mara moja moja wamepata sifa kubwa juu yake. Makala hii inasimulia historia hiyo, hasa upande wa kulipa. Kukusanya makuta kila mtu anaweza. Siku ya kulipa ndiyo siku ya kujua kama kulikuwa na sanduku ama kulikuwa na maneno tu.

Bima si likelemba

Tuanze na jambo tunalolijua. Katika likelemba, ama upatu kama wale waliokaa Kigoma walivyozoea kuuita, watu kumi wanatoa kila mwezi na kila mmoja anapata zamu yake. Mwisho wa mwaka hakuna aliyepata zaidi ya mwenzake. Bima ni kitu kingine. Watu elfu wanatoa kidogo kidogo, na anayepata ni yule tu aliyepigwa na shida. Wengine 990 watatoa mwaka mzima na hawatapata kitu. Hao hawakuibiwa. Walinunua amani ya moyo, na wanapaswa kumshukuru Mungu kwamba zamu haikuwafikia.

Kwa sababu hiyo, bima lazima iwe na kazi ambayo likelemba haina: kuchunguza madai. Katika likelemba hakuna haja ya kuuliza kama kweli zamu ni yako, karatasi inaonyesha. Katika bima mtu anakuja na kusema "nyumba yangu imeungua", na lazima mtu mwingine aende kuangalia majivu.

Kampuni za bima, karibu dunia nzima, zinafuata hatua zilezile. Kwanza mwenye hasara anatoa taarifa, mapema iwezekanavyo. Pili, biro inafungua mkataba wake (Wafaransa wanauita polisi, lakini si wale wa barabarani) na kuangalia: alikuwa amelipa mchango? Shida hii imeandikwa ndani, ama imeandikwa kati ya zile zisizolipwa? Tatu, anatumwa mkaguzi, kwa Kifaransa expert, kuona kilichoharibika na kutafuta sababu. Nne inafanywa hesabu. Hapa kanuni ya zamani ni kwamba bima inarudisha kilichopotea, haitajirishi: aliyepoteza mbuzi mmoja halipwi mbuzi wawili, na mara nyingi sehemu ndogo ya hasara inabaki juu yake mwenyewe, ili asilegee kulinda mali yake. Tano ni malipo, ama barua ya kukataa yenye sababu.

Hatua hizo zinaonekana rahisi. Historia inaonyesha kwamba ugomvi unaingia kwa milango minne: maneno ya mkataba, ushahidi, akiba ya sanduku, na muda. Tuipite moja moja.

Mlango wa kwanza: maneno

Mwaka wa 1666, mwezi wa Septemba, moto uliunguza mji wa London kwa siku nne. Nyumba karibu 13,200 na makanisa 87 yaliteketea. Miaka karibu 15 nyuma ya moto ule, mtu mmoja anayeitwa Nicholas Barbon, aliyesomea udaktari lakini akawa mjenzi wa nyumba, alifungua pamoja na wenzake biro ya bima ya moto. Wakati huohuo, katika duka la kahawa la Edward Lloyd mjini humo, wenye meli na wenye pesa walikuwa wanakutana kuandikiana bima za baharini. Kutoka kwenye meza zile za kahawa kukatokea soko la Lloyd's ambalo linafanya kazi hadi leo.

Nyuma ya kuandikiana kukaja kesi. Moja inafundishwa hadi leo kwa wanafunzi wa sheria: Carter na Boehm, mwaka wa 1766. George Carter alikuwa mkubwa wa ngome ya Waingereza ya Fort Marlborough, kisiwani Sumatra, mbali sana huko Asia. Alikata bima kwamba ngome ikitekwa na adui wa Ulaya, atalipwa. Mwaka wa 1760 Wafaransa waliiteka. Boehm, aliyechukua bima ile, akakataa kulipa: Carter alinificha kwamba ngome ni dhaifu na kwamba Wafaransa walikuwa karibu.

Jaji Mansfield alitoa uamuzi wenye pande mbili. Kwanza alisema bima inasimama juu ya uaminifu: anayeomba bima asifiche jambo ambalo yeye peke yake analijua. Lakini akaongeza kwamba uaminifu ule unamfunga pia anayechukua mchango. Mtu wa London alijua vizuri kwamba kuna vita na Wafaransa. Kama alitaka kujua hali ya ngome, angeuliza. Hawezi kunyamaza siku ya kupokea pesa, halafu siku ya kulipa ndiyo aanze kuwa na maswali. Carter akashinda.

Ndugu msomaji, shika neno hilo. Maswali yanaulizwa siku ya kumwandikisha mtu, si siku ya msiba wake.

Jaji huyohuyo alikutana nyuma yake na kesi nyingine, na hii ni ya kutuumiza sisi Waafrika. Mwaka wa 1781 meli Zong, ya wafanyabiashara wa Liverpool, ilitoka pwani ya Afrika ya Magharibi na watumwa 442, watu wengi mno kwa meli ile. Ilikosea njia karibu na Jamaica. Wakubwa wa meli walisema maji ya kunywa hayatoshi, na kwa siku kadhaa wakatupa baharini watu wazima na watoto zaidi ya 130, wakiwa hai. Kisha wenye meli walikwenda kwa watu wa bima na kudai pauni 30 kwa kila mtu aliyetupwa.

Angalia maneno ya bima yalivyofanya kazi. Kwa desturi ya wakati ule, mtumwa akifa kwa ugonjwa ndani ya meli, hasara ni ya mwenye meli. Akitupwa ili kuokoa meli na waliobaki, hasara ni ya bima. Tofauti ya sentensi moja, na ndani ya sentensi hiyo watu walihesabiwa kama magunia. Mwezi wa Machi 1783 baraza la wazee wa mahakama lilikubali madai. Watu wa bima hawakukubali, wakaomba kesi isikilizwe upya. Ilionekana kwamba mvua ilikuwa imenyesha kabla ya kundi la mwisho kutupwa, na kwamba kitabu cha safari ya meli kilipotea. Mansfield na wenzake waliruhusu kesi mpya. Hakuna alama kwamba ilifanyika. Olaudah Equiano, aliyekuwa zamani mtumwa, ndiye alimpelekea habari Granville Sharp, na Sharp alitaka wauaji washitakiwe kwa mauaji. Hakuna aliyeshitakiwa. Lakini habari ile ilienea, na ikawapa nguvu wale waliopigania kukomesha biashara ya watumwa.

Kwa nini tunaikumbuka hapa, katika jarida la chama cha kusaidiana? Kwa sababu inaonyesha kwamba mkataba unaweza kuandikwa sawasawa, mchango ukalipwa sawasawa, na bado jambo likawa uovu mtupu. Maneno ya sanduku lazima yaanze na mtu, kisha mali.

Mlango wa pili: ushahidi

Sasa twende San Francisco, Marekani, mji ulio kwenye pwani ya bahari ya Pasifiki. Tarehe 18 Aprili 1906, saa 11 na dakika 12 ya alfajiri, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji. Mabomba ya maji yakapasuka. Moto ukaanza pahali pengi kwa mara moja na ukaendelea siku tatu na zaidi. Mji ulikuwa na watu karibu 400,000. Zaidi ya nusu yao walibaki bila nyumba. Majumba karibu 28,000 yaliharibika. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 3,000 ama zaidi.

Wengi walikuwa na bima ya moto. Karibu hakuna aliyekuwa na bima ya tetemeko. Basi swali likawa hili: nyumba yako iliungua, ama ilianguka kwanza ndipo ikaungua? Mikataba mingi ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba jengo likianguka kwa sababu nyingine isiyo moto, bima ya moto inakatika palepale. Mikataba michache ilisema wazi kwamba moto uliotokana na tetemeko haulipwi kabisa.

Utathibitishaje? Nyumba ilikuwa majivu. Jirani aliyeona alikuwa amekimbilia mji mwingine. Picha zilizopigwa asubuhi ile, kati ya tetemeko na moto, zikawa na thamani kama dhahabu, kwani zilionyesha ukuta gani ulikuwa bado unasimama. Ofisa mmoja wa jeshi aliandika kwamba aliambiwa na mzima-moto kuwa watu wengine waliwasha nyumba zao wenyewe, kwani walijua nyumba iliyopasuka hailipwi na iliyoungua inalipwa. Ni mkataba wenyewe uliowasukuma huko.

Kampuni nazo zilikuwa na shida yao. Fireman's Fund, kampuni ya San Francisco yenyewe iliyoanzishwa mwaka wa 1863, iliunguliwa na biro yake na vitabu vyake. Haikujua tena imemwandikia nani na kiasi gani. Ilibidi iwaombe wateja walete karatasi zao, na watumishi wakumbuke kwa kichwa. Yaani kampuni ilitegemea uaminifu wa wale waliokuwa wanaidai.

Sisi tuliokimbia mwaka wa 1996 na miaka iliyofuata hatuhitaji kufundishwa somo hilo. Tunajua ni nini kufika ng'ambo ya ziwa bila cheti cha kuzaliwa, bila karatasi ya shamba, na kuanza upya na karata ya rasheni ya Nyarugusu ama Lugufu kama karatasi pekee yenye jina lako. Tunajua pia kurudi na kukuta mtu mwingine katika shamba, naye anasema: leta karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliyaona hayo. Daftari nayo inaweza kupotea ikiwa ni moja, katika nyumba moja.

Mlango wa tatu: akiba

Madai ya San Francisco yalifikia karibu dola milioni 200 za wakati ule, pesa ambazo kampuni nyingi hazikuwa nazo. Hapo makundi yakagawanyika. Kundi moja lilisema: tulipe senti 75 kwa kila dola, kwani hatuwezi kutenganisha moto na tetemeko, na tukilipa yote tutakufa. Watu wa mji waliwapa kundi hilo jina la kuwacheka, "six-bit", yaani wa senti 75. Kundi lingine lilisema: dola kwa dola. Kampuni kadhaa za Ujerumani na Austria zilikataa kabisa na kufunga biashara yao kule, na wateja wao walihangaika mahakamani. Nyingine zilifilisika.

Fireman's Fund ilikuwa na deni kuliko mali yake yote. Badala ya kukimbia, iliwaita wateja na kuwaambia ukweli: tutalipa sehemu kwa pesa taslimu, na sehemu kwa hisa za kampuni tunayoifufua. Wengi walikubali. Kampuni ilisimama tena, na waliochukua hisa hawakupoteza kila kitu.

Mwingine alikuwa Cuthbert Heath, mtu wa Lloyd's kule London. Yeye alituma agizo kwa mtu wake wa San Francisco: walipe wateja wetu wote kwa ukamilifu, bila kujali vifungu vya mikataba. Ilimgharimu pesa nyingi. Lakini Wamarekani hawakusahau, na kwa miaka mingi nyuma yake waliendelea kupeleka bima zao London. Heath hakuwa mjinga wa hesabu. Aliweza kulipa kwa sababu alikuwa na pesa za kulipa. Huruma bila akiba ingebaki machozi tu.

Miaka 35 mbele ya hapo, mwezi wa Oktoba 1871, moto wa Chicago ulikuwa umeshaonyesha upande huo mbaya: makumi ya kampuni za bima yalifilisika, na wenye nyumba wengi walibaki na karatasi nzuri zisizo na pesa nyuma yake.

Upande mzuri wa jambo hili ulionekana mapema, na kwa watu wa kanisa. Mwaka wa 1744, huko Uskoti, wachungaji wawili, Robert Wallace na Alexander Webster, walianzisha mfuko wa wajane na yatima wa wachungaji. Mbele yao, mchungaji akifa, watu walikusanya chochote kilichopatikana siku ile. Wao walifanya kinyume: walihesabu wachungaji wangapi wanakufa kila mwaka, wanaacha wajane wangapi, na wajane wanaishi muda gani. Profesa wa hesabu, Colin Maclaurin, aliangalia hesabu zao. Kisha wakapanga mchango kufuatana na hesabu, wakaweka akiba ikazaa faida, na mjane akalipwa kila mwaka kiasi kilichojulikana mbele. Miaka 20 nyuma yake, mfuko ulikuwa karibu sawasawa na walivyokadiria. Hii haikuwa kampuni ya matajiri. Ilikuwa chama cha kusaidiana kama chetu, kilichokubali kuhesabu vifo vyake bila kuona haya.

Mlango wa nne: muda, na historia yetu ya Congo

Huku kwetu, historia ya bima inafundisha zaidi juu ya muda.

Mwaka wa 1966 serikali iliunda shirika la taifa la bima, SONAS, na likawa peke yake lenye ruhusa ya kuuza bima katika inchi nzima. Mwaka wa 1973 sheria ililazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kulipa wale anaowagonga. Kwa karatasi, mpango ulikuwa mzuri: mtu akigongwa barabarani, kuna sanduku la kumlipa.

Lakini fikiria kilichopata pesa zenyewe. Mwaka wa 1967, zaire moja ilikuwa na thamani ya dola 2. Mwaka wa 1993, zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Mwaka wa 1998, zaire mpya 100,000 zilibadilishwa kwa faranga moja ya Congo. Sasa chukua mjane aliyeambiwa mwaka wa 1990 kwamba madai yake ya zaire 3,000,000 yamekubaliwa, angojee tu saini. Kama saini ilichelewa hadi mwisho wa 1993, alikuwa anadai noti moja. Kama ilichelewa hadi 1998, alikuwa hadai kitu ambacho mkono unaweza kushika. Mtu anaweza kuwa hakumkatalia hata siku moja, na bado hakulipwa. Kuchelewesha ni namna ya kukataa isiyohitaji barua.

Sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 ilimaliza ile hali ya shirika moja peke yake. Iliweka pia mamlaka ya kusimamia kampuni za bima, ARCA, na tangu 2019 kampuni za watu binafsi zimepewa ruhusa ya kufanya kazi. Mwenye bima aliyekataliwa ana mahali pa kupeleka malalamiko. Na kwa vyama kama chetu, sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya mituweli iliweka msingi wa namna ya kusaidiana kwa utaratibu. Ni vizuri wanachama wajue kwamba sheria hizo zipo.

Hata hivyo, watu wengi mno katika mashariki ya inchi hawana bima yoyote ila majirani. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma na kuacha makumi ya maelfu bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilirudi, na matetemeko yakafuata kwa siku nyingi na kupasua kuta ambazo lava haikuzigusa. Ni swali lile la San Francisco: ukuta uliopasuka siku tatu nyuma ya lava, ni shida moja ama shida mbili? Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulibeba nyumba za Uvira. Mwezi wa Mei 2023 maji na matope yaliua mamia ya watu huko Kalehe. Kila mara waliofika wa kwanza walikuwa ndugu, makanisa, misikiti, na vyama vidogo.

Na vita? Hapa tusidanganyane. Mikataba ya kawaida ya bima ya nyumba, hapa na Ulaya, inaandika kwamba hasara za vita hazilipwi. Sababu inaeleweka: vita haviunguzi nyumba moja kati ya elfu, vinaunguza zote kwa siku moja, na hakuna sanduku linaloweza hilo. Uingereza, ndege za Wajerumani zilipoangusha mabomu juu ya miji yake, serikali ndiyo ilichukua mzigo huo kwa sheria ya mwaka wa 1941: wenye nyumba wakatoa mchango wa lazima, na serikali ikalipa. Hasara ya vita ni deni la serikali na la wale waliofanya vita. Chama cha wanachama wachache kinaweza kutoa blanketi, sufuria na unga. Hakiwezi kuahidi nyumba.

Kwa hiyo sisi tufanye nini?

Historia hii yote inatuletea mapendekezo manne, na tunayaandika hapa ili yajadiliwe kabla ya mkutano mkuu, si ili yapigiwe makofi tu.

La kwanza ni maneno. Kanuni ya sanduku letu iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, isomwe kwa sauti siku mwanachama anapoandikishwa, na iseme wazi: tunalipa msiba wa nani (mama mkwe yumo? mtoto wa kulea yumo?), moto wa namna gani, mafuriko ama hapana, vita kwa kiasi gani. Pasipoandikwa wazi, tuhesabu kwamba mwanachama ana haki. Komite ndiyo iliyoandika. Makosa ya kalamu yasiwe mzigo wa mjane.

La pili ni ushahidi. Daftari ya wanachama iwe na nakala tatu, katika vijiji vitatu, na kila mwanachama awe na kitabu chake chenye mihuri ya michango. Mtu akikosa karatasi ya kifo ama karata ya uchaguzi kwa sababu alikimbia, mashahidi wawili wasio wa jamaa yake pamoja na shefu wa kijiji watoshe. Wafadhili wetu tunawaomba walikubali hilo. Kudai karatasi ambayo vita viliiunguza ni kumpiga mtu mara mbili. Lakini sisi nasi tukubali mkaguzi aende nyumbani kwa kila mwenye madai, hata akiwa mwenyekiti, na asiwe ndugu yake. Akikuta uongo, jina lisomwe mkutanoni.

La tatu ni akiba. Sehemu ya michango iwekwe kando na isiguswe kwa kazi nyingine, hata kazi nzuri kama mbegu ama ada ya shule. Na iandikwe mbele: shida ikipiga wengi kwa siku moja na sanduku lisitoshe, kila mmoja atapata sehemu sawa ya haki yake, na atapewa karatasi ya kinachobaki. Mtu akiambiwa mbele kwamba huenda atapata nusu, hatasema ameibiwa.

La nne ni muda. Msiba ulipwe sehemu ya kwanza kabla ya maziko, kwani sanda na chakula cha wageni havingojei mkutano wa komite. Madai mengine yajibiwe ndani ya siku 30: ndiyo, hapana, ama bado tunatafuta jambo hili na hili. Hapana iwe ya maandishi na iwe na sababu. Na aliyekataliwa awe na haki ya kusikilizwa na watu wengine watatu ambao hawakukaa kwenye uamuzi wa kwanza.

Kuna watakaosema siku 30 ni chache kwa komite isiyolipwa mshahara. Kuna watakaosema mashahidi wawili ni mlango wa udanganyifu. Hoja hizo zina uzito, na yule mwenye njia bora ailete. Viongozi wa vikundi wanaombwa wasome makala hii kwa sauti kwa wale wasiosoma, kisha waandike kwenye daftari ya kikundi mambo mawili: tangu mwaka ulioisha, ni madai mangapi yalilipwa kwenu, na kila moja lilingojea siku ngapi. Hesabu hizo zifike kwa sekretere mbele ya mkutano mkuu. Wachungaji wa Uskoti walianza na hesabu kama hizo, na sisi pia hatuwezi kupanga mchango wa haki bila kuzijua.